Pumzi ya Mama Mkwe

Kwa miaka mingi nilimjua mama mkwe wangu kwa mgongo. Ningeambiwa nichore uso wake, ningechora leso. Kila nilipoingia bomani kwake, upande wa Tawa, yeye alikuwa akitoka: kwa mlango wa nyuma, kwa kando ya zizi, na siku moja kwa tundu la ua lililotobolewa na mbuzi, naye ni mwanamke mwenye mwili wake. Mke wangu, Mama Mwende, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitazama viatu vyangu. Mkwe hacheki.

Sisi Wakamba jambo hili tunaliita nthoni. Ni neno moja linalobeba aibu na heshima kwa pamoja, na hubana zaidi kati ya mwanamume na mama aliyemzaa mke wake. Hamtazamani usoni, hamli mezani pamoja, hampeani mikono. Mkikutana njiani mmoja anaacha njia. Siku hizi limelegea. Vijana hukumbatiana na wakwe zao harusini na mhubiri anapiga makofi. Mama mkwe wangu alionyeshwa picha ya namna hiyo kwenye simu ya jirani, akasema, "Hawa hawajaoana. Hawa wamechanganywa tu," akarudi kupepeta ndengu zake.

Ndengu hizo aliziuza sokoni Tawa, na huko alikuwa mtu mwingine kabisa. Najua kwa sababu nilimsikiliza mara kadhaa nikiwa nimejificha nyuma ya kibanda cha mitumba, mtu mzima na kazi yangu. Sauti yake ilitoka tumboni. Mnunuzi akilalamika kwamba gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, haijajaa, alijibiwa soko zima lisikie: "Ati haijajaa? Lete hicho kichwa chako tupime kama kimejaa!" Watu walicheka, mnunuzi mwenyewe akacheka, akafungua mfuko. Niliondoka pale nikiona fahari. Baadaye nilimkuta bomani amejifunika leso hadi kwenye nyusi, anaongea na kuku.

Hiyo ya kuku si mzaha. Mwenye nthoni hamsemeshi mkwewe moja kwa moja. Hupitisha neno kwa mtoto. Mtoto asipokuwepo, mama mkwe alitumia kilichokuwepo. "Wewe kuku, ambia Baba Mwende chai iko mezani." "Wewe mlango, uliza Baba Mwende kama Kitui kumenyesha." Nami nilimjibu mlango kwamba bado, mawingu yanapita tu. Tuliishi hivyo vizuri. Kuna mambo makubwa tuliyoyakata kupitia kwa kuku yule: kama shamba la chini likodishwe, kama Mwende apelekwe shule ya bweni au abaki nyumbani. Alipochinjwa Krismasi niliona kama tumezika mzee wa kanisa.

Kazi yangu ilimshangaza. Mimi ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali moja mjini Kitui, na sehemu ya kazi hiyo ni kupima nguvu ya misuli ya kupumua. Watu wengi hudhani pumzi ni ya mapafu peke yake. Mapafu ni mifuko tu. Wenye kuvuta na kusukuma ni misuli ya kifua, ya tumbo, na ule mpana uliotandazwa chini ya mbavu. Misuli hiyo huchoka kama mguu unavyochoka. Mke wangu alipomweleza mama yake hayo, mama alicheka hadi ungo ukamwagika. "Kwa hivyo analipwa kufundisha watu kupumua? Kwani walizaliwa wakifanya nini?" Niliyasikia kupitia ukuta wa mabati, na kwa siku kadhaa kila nilipomwambia mgonjwa avute hewa nilijihisi mjinga kidogo.

Tena ni kipimo kisicho na adabu. Mgonjwa anabanwa pua kwa kibanio. Anafunga midomo kuzunguka kipande cha plastiki kilichounganishwa na mashine ndogo ya kushika mkononi, anatoa hewa yote, kisha anavuta kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Njia ya hewa imezibwa, kwa hiyo anavuta kama anayenyonya uji mzito kwa mrija ulioziba. Halafu anajaza kifua na kupuliza vivyo hivyo, na mimi nimemshika mashavu kwa viganja ili yasivimbe yakaiba nguvu. Macho yanatoka, mishipa ya shingo inasimama, mate yanamwagika. Wengine hujamba. Wakati huo wote nimesimama mbele yao nikipiga kelele, "Puliza, puliza, usiache!" kwa sababu hakuna mtu anayetoa nguvu zake zote bila kusukumwa.

Na hapo ndipo penye ugumu. Mashine inasoma alichotoa mtu, haisomi alichobakiza. Namba ikipanda, unaiamini. Ikiwa chini, inabidi umtazame mwenyewe ujiulize: huyu ameshindwa, au amejizuia? Mwenye haya na mwenye ugonjwa wanaweza kuandikiwa namba moja.

Mama mkwe alikuwa mtu wa mambo yanayopingana. Aliwafundisha wanawake wa kanisani kwake wasinyamazie waume zao, lakini jina langu hakulitamka hata siku moja. Siku za kufunga alishinda njaa kweli, isipokuwa chungu cha wengine lazima akionje chumvi, na kuonja kwake kulihitaji bakuli. Jirani aliyekohoa damu alimburuta hadi zahanati amemshika mshipi wa suruali, huku akimwambia njia nzima kwamba kaburi halina mlango wa nyuma. Yeye mwenyewe akiumwa alisema amelalia mkono vibaya. Kila mtoto wetu alipozaliwa, alileta kiondo, kikapu alichosuka mwenyewe, akakiweka kizingitini, akabisha, akakimbia. Kiondo cha Mwende kina mistari iliyonyooka. Cha kitinda mimba kina mistari inayopanda na kushuka, na nilidhani ni mtindo mpya.

Sikuwahi kumwona akila. Hilo lilikuwa sawa, nthoni hairuhusu. Lakini miaka ya kwanza nilimsikia akila: jikoni, na wanawake wenzake, muthokoi wa mahindi na maharagwe kwa kelele, kicheko katikati ya tonge na tonge. Miaka ilivyokwenda jikoni kukatulia. Alianza kujitenga na sahani yake nyuma ya ghala, na sahani ilirudi karibu ilivyokwenda. Nyimbo alizokuwa akiimba akichochea moto, zile za kumsifu Bwana kwa sauti ya kuamsha kijiji, zilifupika, zikawa beti moja, zikawa kunung'unika. Jioni sauti yake ilishuka ikapitia puani. Alianza kushika kidevu kwa kiganja akiwa ameketi. Na macho, ambayo zamani aliyakwepesha, sasa yalishuka yenyewe: nikipita mbali, kupitia mlango uliofunguka, nilimwona ameketi na kope zimelala nusu, kama mtu anayesali.

Niliona heshima yake kwangu imekomaa. Nasema kama ilivyokuwa: nilifurahi. Nilijiambia kwamba wengine wanadharauliwa na wakwe zao, mimi mama huyu kadiri anavyozeeka ndivyo anavyoniinamia.

Nilimtumia hata kama fimbo ya maneno kwa mke wangu. Tukizozana, nilisema, "Mama yako angekuwa hapa angekuonyesha vile mwanamke hunyamaza." Mama Mwende alinikazia macho. "Mama yangu hajanyamaza maisha yake yote," aliniambia. "Hata mimi najiuliza siku hizi ana nini." Nilisikia sehemu ya kwanza nikaiona jeuri, ya pili haikunifikia.

Kuna siku ya mchango wa paa la kanisa lao, nilipewa kipaza sauti kama mkwe wa heshima. Nikawaambia watu kwamba dunia imeharibika lakini nthoni haijafa, na ushahidi ni mama yule pale, ambaye miaka yote hii hajanitazama usoni. Nilimwonyesha kwa mkono. Watu waligeuka. Alikuwa benchi la mwisho karibu na mlango, kope zimeshuka, kichwa kimeegemea ukuta. Walimpigia makofi na vigelegele. Alijaribu kutabasamu, na tabasamu likatoka kama mtu anayenuna, nikasema moyoni kwamba hata sifa hazimlevyi.

Sikujua kwa nini alikuwa kwenye benchi la mwisho. Mke wangu alinieleza baadaye sana. Mhubiri alikuwa amesimama siku moja katikati ya mahubiri akawataja wale wanawali waliosinzia taa zao zikazimika, akimtazama yeye, na kutaniko zima likamtazama. Mama aliyekuwa ameongoza nyimbo za akina mama tangu nywele zake zikiwa nyeusi alihama akakaa mlangoni. Sokoni wateja walinong'ona kwamba mama wa ndengu ameanza kuonja kaluvu, pombe ya kienyeji, kwa sababu ikifika saa kumi ulimi wake unakuwa mzito. Aliacha soko la alasiri, akawa anauza asubuhi tu. Hayo yote yalikuwa yakisemwa, na mimi, ambaye kazi yangu ni misuli ya watu, nilikuwa nimegeuza uso kwa adabu.

Wakati wa kuvuna ndengu ndipo mambo yalipofika mwisho. Hakuweza kuinua gorogoro. Maji ya kunywa yalimpalia yakatokea puani. Usiku alilala ameketi, ameegemea magunia, kwa sababu akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kifuani. Mama Mwende alikwenda Tawa akamleta Kitui kwa nguvu. Nasikia walitukanana njia nzima, na mama akashindwa kwa kukosa pumzi ya kujibu. Daktari aliyemwona, mtu wa huko magharibi mwa Kenya, alisikiliza kifua, hakusikia kitu kibaya. Akaandika apimwe nguvu ya misuli ya kupumua. Ikiwa nzuri, ataenda nyumbani na dawa za kifua. Ikiwa mbaya, hatatoka hospitalini siku hiyo, kwani mtu kama huyo anaweza kulala asiamke.

Chumba cha kipimo ni changu. Nilimtafuta Halima, mwenzangu katika idara, nikaambiwa yuko wodini. Mgonjwa wa pumzi hasubirishwi, basi nikafunga mlango tukabaki mimi na yeye, na binti yake katikati kama ukuta. Sikumbuki kufanya kazi vibaya namna ile. Kibanio cha pua alikiweka mke wangu. Mashavu sikuyagusa. Nilisimama nikiutazama ukuta, na mahali pa kupiga kelele nikanong'ona, "Vuta kidogo, mama." Hakuna kitu kinachoitwa kuvuta kidogo katika kipimo kile. Namba ikasoma ishirini, ambayo mzee mwenye afya huipita bila kukunja uso.

Nikatoka, nikamwambia daktari kwenye korido, "Hiyo usiihesabu. Ni mama mkwe wangu. Ni nthoni, hawezi kujikaza mbele yangu."

"Hata kwetu iko hivyo," daktari akacheka. "Basi nimpe dawa za kifua aende?"

Nami nikatabasamu. Nililiona jambo la kusimulia jioni.

Halima ndiye aliyetuzuia. Alitoka wodini akifunga buibui lake vizuri, akasikia, akanyoosha mkono. "Lete mashine. Mimi si mkwe wa mtu. Nyinyi kaeni huko." Alifunga mlango. Halima hana mwili mkubwa lakini ana sauti ya mtu aliyekulia kwenye soko la ngamia, na tulimsikia hadi nje: "Vuta mama! Vuta! Bado! Bado!" Kisha kimya. Kisha tena. Kisha tena. Alipotoka hakuwa akicheka.

"Mara ya kwanza ni ileile yako," alisema. "Ya pili imeshuka. Ya tatu imeshuka tena. Mwenye haya akizoea, namba inapanda. Huyu haoni haya. Huyu anaisha nguvu."

Daktari alikwenda kwenye friji ya maabara, akajaza vipande vya barafu kwenye glavu, akaifunga. Alimketisha mama mkwe kwenye kiti akaiweka juu ya kope zake. Sote tulingoja, mimi nikiwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, nilivyozoea. Alipoiondoa, kope za mama mkwe zilipanda zikafunguka zote.

Nilikuwa sijawahi kuyaona macho yale. Yalikuwa makubwa, ya kahawia, ya mtu mwenye utani. Yalitua moja kwa moja kwangu kwa sababu nilikuwa mbele yake, na yakanishika hapohapo nilipokuwa nikielewa. Hatukuwa na kuku, hatukuwa na mlango. Kisha ubaridi ukapungua na kope zikaanza kushuka tena, taratibu, zenyewe, bila yeye kutaka, na kila mtu chumbani akaona kwamba hakuwa akitaka.

Daktari alieleza. Ni ugonjwa ambao mwili unajigeuka, unakata ujumbe kutoka kwenye neva kwenda kwenye misuli; baridi huurudisha kwa muda mfupi tu. Asubuhi mtu ana nguvu, jioni zimekwisha. Kope, ulimi, taya, shingo, kisha kifua. Ugonjwa huo una dawa. "Ameanza kuonyesha dalili lini?" aliuliza. Mke wangu alinitazama, nami nikatazama sakafu. Waswahili husema macho hayana pazia. Yake yalikuwa nalo, na mimi nilisimama mbele ya watu nikaomba pazia hilo lipigiwe makofi. Nilikwenda nyuma ya jengo la kufulia nikakaa juu ya ndoo, na aibu niliyoona pale sina neno lake, si kwa Kikamba wala kwa Kiswahili.

Alilazwa, akawekewa mashine ya kumsaidia kupumua usiku, akaanzishiwa dawa. Alipopata nafuu daktari alimruhusu kutoka wodini kwa sharti: asirudi Tawa kukaa peke yake mpaka misuli ya pumzi iwe na nguvu za kutosha, ya kuvuta na ya kupuliza. Kupuliza ndiko kukohoa. Asiyeweza kukohoa, tonge moja likimpalia hana wa kumwokoa. Akae karibu na hospitali. Na karibu na hospitali palikuwa nyumbani kwangu.

Watu wengine hawawezi kuelewa adhabu hiyo. Mama mkwe kulala chini ya paa la mkwewe, kuoga bafuni anamooga mkwewe, kukohoa usiku mkwewe akisikia. Aliishi kwangu kama mwizi. Alikula amesimama nyuma ya tangi la maji. Nguo zake alizianika chini ya shuka ili zisionekane. Mimi nikawa natoka mapema kuliko kazi ilivyotaka na kukaa kwenye duka la jirani hadi nione ameingia chumbani. "Afadhali ningebaki na ugonjwa wangu," alimwambia binti yake. Mama Mwende alitukasirikia wote. "Nyinyi wawili mtauana kwa heshima," alisema, akapiga sufuria mezani.

Jumapili moja watoto wakiwa kanisani, nilikuwa sebuleni nikijifanya nasoma. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi kidogo. Sauti ikatoka, na ilikuwa ile ya zamani, ya tumboni.

"Wewe mlango."

Nikaweka gazeti chini.

"Ambia Baba Mwende nilikuwa najua macho yananifunga. Kanisani walisema nalala. Sokoni walisema nimelewa. Ni kwake tu waliita heshima. Nikaona, aiya, hapa ndio pazuri, wacha nikae hapa." Akapumzika. "Ugonjwa watu huuliza maswali. Heshima hakuna mtu huuliza."

"Mwambie mama naona aibu," nikamwambia mlango.

"Basi tuko wawili," mlango ukajibu, ukafungwa.

Kwa hiyo hakuwa ameinama mbele yangu, na wala sikuwa nimedanganywa na ugonjwa peke yake. Alikuwa amejificha mahali alipojua kwamba mimi sitaangalia, kwani nilipenda mno nilichokuwa nikiona. Sijui mpaka leo ni lipi linaloniuma zaidi. Wakati mwingine humwona mgonjwa akiinamisha kichwa mbele yangu na kuniita daktari, nami namwambia, tafadhali inua uso, kwa ukali usiomstahili.

Siku ya kipimo cha kumruhusu ilifika, naye alikuwa amefunga kiondo chake tangu asubuhi. Halima alikuwa likizo kwao. Mama Mwende alikuwa kazini. Nilimkuta mama mkwe ameketi kwenye kile kiti, peke yake, leso mabegani. Nilijishughulisha na kibanio.

"Tungoje Halima," nikasema nikikiangalia. "Anarudi wiki ijayo."

"Na mimi hiyo wiki nitakaa wapi?"

Aliniuliza mimi. Chumbani hapakuwa na mwingine.

"Nyumbani kwangu, mama."

"Basi leta hiyo mashine."

Alijibana pua mwenyewe, akashika mashine kwa mikono miwili. Kuvuta kulikuwa kuzuri, namba ikapanda kuliko nilivyotarajia. Kupuliza kukagoma. Mara ya kwanza ilisoma chini ya kile daktari alichotaka. Mara ya pili vilevile. Haikupanda, haikushuka. Hewa ilikuwa ikivuja kwenye mashavu, nayo sauti yangu ilikuwa imerudi kwenye ule mnong'ono wa kwanza. Nilisimama na karatasi mkononi. Nikiandika ilivyo, atarudi nyuma ya tangi la maji, na huenda ana nguvu. Nikiandika kwamba ni haya tu, atakwenda Tawa akae peke yake, na huenda hana. Neno la haya nilishalisema mara moja kwenye korido ileile.

Nikamuuliza. Lilikuwa swali la kwanza kumuuliza maishani bila kupitia kwa mtu, mnyama wala ubao.

"Mama, misuli ndiyo imechoka, ama ni mimi?"

Alitoa plastiki mdomoni, akaifuta kwa ncha ya leso. "Ni wewe."

"Basi nitoke?"

"Ukitoka nani atanishika mashavu? Hao wengine unawashikanga." Alikuwa akiongea kama mtu anayepanga bei. "Nishike. Na upige kelele. Usiniongeleshe kama mwizi."

Nikanawa mikono, nikiichelewesha kazi hiyo. Kisha nikamshika mama mkwe wangu uso. Mashavu yalikuwa ya moto na laini kuliko nilivyodhani mashavu ya mtu aliyeshinda juani yanaweza kuwa. Alivuta hewa hadi mabega yakapanda. Nikapiga kelele. "Puliza, mama! Puliza! Puliza, usiache, bado, bado!" Aliyakaza macho, shingo ikasimama, mate yakanimwagikia kidoleni, na katikati ya nguvu hizo zote akajamba, kwa sauti, kwa urefu, namna ambayo hakuna mtu angeweza kukisingizia kiti. Hakuacha kupuliza. Nami sikuacha kumshika.

Mashine ililia. Niliitazama namba kwa sababu nilihitaji kitu cha kutazama. Ilikuwa imepita. Nilibaki nimemgeuzia mgongo, kalamu juu ya karatasi, masikio yanawaka, na mkono haukubali kuandika.

Nyuma yangu nilimsikia akitoa kibanio puani, akitafuta pumzi, akiipata.

"Baba Mwende," alisema. "Hiyo usiandike. Andika namba, niende kwangu."